Minervali Iliyokula Kikwembe cha Mama

Mutu wa mishahara pale hospitali ninapofanya kazi ya uuguzi aliniita nimupelekee karatasi ya ndoa. Akanieleza kwamba kodi ya mushahara inapunguka kidogo kwa kila mutu ninayemulisha. Nikamuuliza kuhusu binti yangu, anayesomea uuguzi: ile minervali, ada ninayomulipia shuleni kila mwaka, nayo inaweza kutolewa kwenye kodi? Akacheka. Serikali inahesabu vichwa tu, akasema, mambo ya shule haiyajui. Tena binti akiolewa, hata kichwa chake kitaondolewa.

Nilitoka pale moyo unanichoma. Serikali haijui, lakini bakwe zangu, watu wa bwana yangu, walijua vizuri sana. Minervali yangu miye ilisha kutolewa zamani, na waliitoa kwenye mahari.

Ilikuwa wakati wa vita. Baba alikuwa akinunua muchele Kibombo na kuuzisha hapa Kindu. Njia ilipofungwa, biashara ikafa, tukakula majani ya sombe bila chumvi. Nilikuwa nimebakiza mwaka wa mwisho wa uuguzi, na shule ilikuwa imenifukuza kwa sababu ya minervali. Kijana aliyekuwa ananichumbia, mwenye kazi katika duka la mufanyabiashara wa Kivu ya Kaskazini, akanilipia. Hakusema ni deni. Miye niliona ni mapendo, nikajivuna kwa wenzangu, mujinga miye.

Siku ya mahari wazee walikaa sebuleni. Miye na mama tulikuwa jikoni, ukuta wa udongo tu katikati, kila neno tunalisikia. Wakataja mbuzi ya baba, wakataja ya mujomba, mwisho kikwembe cha mama, kitenge kipya cha kujifunga. Kwetu hicho hakikosekani: njo asante ya mimba na ya maziwa, na mama anakifunga siku hiyohiyo mbele ya watu. Ndipo baba mudogo wa bwana yangu akajikohoza, akasema:

"Huyu tumemusomesha sisi. Minervali tuiondoe hapo."

Baba, mutu aliyeshindwa kulipa, aliitika tu. Wakapunguza hapa, wakapunguza pale. Mbuzi ikabaki, kikwembe kikaondoka. Mama alikuwa anasonga bugali, na mwiko haukusimama. Alitoka kuwapa chakula amevaa kikwembe chake cha siku zote, kimepauka mpaka maua hayaonekani, na mashangazi wa bwana yangu wakamutazama toka chini hadi juu. Nilisikia haya mpaka masikio yakawaka. Niliona haya kwa ajili yake na, Mungu anisamehe, nilimuonea haya yeye pia.

Tangu nianze kazi nimemununulia mama vikwembe mpaka sanduku lake halifungiki. Baba alikufa, miaka ikapita, nikazani mambo yamekwisha.

Jumamosi iliyofuata baada ya ile karatasi ya ndoa, wakaja watu kuposa binti yetu. Mama, muzee sasa, alikuwa amekaa kwenye mukeka karibu na mulango. Yalikwenda vizuri mpaka bwana yangu alipojikohoza, sawasawa na baba yake mudogo. Huyu ambaye duka lilimuachisha kazi zamani, ambaye kwa masomo ya binti hakutoa hata franka, akawaambia wageni kwamba mutoto amesoma, kwa hiyo minervali yote iongezwe juu ya mahari. Chini ya pazia la chumba niliona miguu ya binti yangu imesimama, haisogei. Nilijua anasikia nini.

Nikaweka sinia ya chai chini. Nikasema minervali niliilipa miye, na siiuzishi, waiache. Bwana yangu akanikata jicho. Kusema kweli nilijisikia mukubwa siku ile, nikawa nangoja tu mutu anisifu.

Aliyesema ni mama, polepole, bila kumutazama mukwe wake:

"Sawa, mwanangu. Na kikwembe changu?"

Vile nilivyomununulia vyote, sanduku lile lote, havikuwa jibu. Muda huu wote alikuwa anangoja, na miye, binti yake, ninayekula naye sahani moja, sikuwahi kumuuliza hata siku moja. Haya iliyonishika hapo ilikuwa kubwa kuliko ile ya jikoni.

Bwana yangu aliangalia sakafu. Kisha akasimama, akavaa viatu, akatoka. Wageni walikunywa chai. Aliporudi kutoka sokoni alikuwa ameshika kikwembe kipya kilichokunjwa; akapiga magoti, akamupa mama kwa mikono miwili.

Mama hakukisifu. Alisimama kwa kushika ukuta, akakifunga palepale mbele ya watu, juu ya kile nilichomununulia miye. Halafu akakaa, akawaambia wageni waendelee.