Sabuni Niliyompikia Mama Mkwe

Nacheka peke yangu ninapoandika haya, na uso bado unaniwaka. Mimi ni mwalimu wa kemia hapa Mengo. Jumamosi nilikwenda Kawempe kwa Hajati, mama wa binti ninayetaka kumwoa. Hajati hupika sabuni uani, na kostiki soda inayogeuza mafuta kuwa sabuni huipima kwa kikombe cha bati.

"Kikombe, Hajati? Niachie mimi, kemia ina hesabu zake!"

Nikavaa glavu, nikatoa mizani, nikajaza hesabu ukurasa mzima na kupiga mstari chini ya jibu mara mbili. Majirani wakaja kumwona mkwe msomi. Soda ikatoka kiduchu, nami nikatangaza kwamba miaka yote Hajati alikuwa akiimwaga bure. Nikakoroga mpaka mikono ikafa ganzi. Mafuta yakabaki yakielea, yananitazama.

"Kemia haina haraka," nikasema.

Hapo ndipo nikachungulia karatasi. Molekuli moja ya mafuta hudai soda tatu. Mimi nimeipa moja! Mimi, ninayewapigia wanafunzi kelele kila wiki: sawazisheni mlinganyo kwanza!

Kabla sijaikunja karatasi, Hajati alichovya kidole, akakigusisha ulimini kama wapika sabuni wafanyavyo kuona kama soda imezidi. Majirani wakanyoosha shingo. Akamung'unya kidogo, kisha akamwita binti yake:

"Lete unga, mwanangu. Mwalimu ametupikia mafuta ya chapati."