Siku Mama Aliposhuka Kwenye Rola

Hadi leo, nikisikia harufu ya lami moto, hasira hunipanda. Mama yangu aliendesha rola, ile mashine nzito ya kushindilia barabara, na jioni alirudi nyumbani kwetu Nyalenda akinuka lami na dizeli hata sabuni ikashindwa. Watoto wenzangu waliniita mtoto wa rola. Nilijivunia jina hilo kuliko langu.

Likizo moja alinichukua hadi karibu na Kombewa, walikokuwa wakijenga barabara. Mvua ilikuwa imenyesha. Nilikaa mbali, kwenye rundo la kokoto aliponionyesha, nikamtazama akiikagua mashine kama mtu anayechunguza ng'ombe wa kununua. Akapanda; mkanda wa kiti ulikuwa umekatika. Akashuka, akatembea hadi ukingoni mwa tuta la barabara, akabonyeza udongo kwa kisigino. Kikazama.

"Hapa siendi," akamwambia foromani, msimamizi wa kazi. "Udongo bado laini, na mkanda hakuna."

"Mama Akinyi, mkaguzi anakuja saa nane. Wewe panda tu."

"Mzee, hii kitu ikilala, haikuulizi kama ulikuwa na haraka."

Foromani akacheka, akamwita Ouma, dereva wa lori la maji, kijana mpole aliyekuwa amenipa mandazi asubuhi ile. Mama akamshika mkono. "Ouma, usipande."

Alipanda. Foromani alikuwa anamtazama.

Rola ilisonga hatua chache, ukingo ukamomonyoka, ikalala ubavu polepole. Ouma akatupwa nje, ikamwangukia mguu. Hospitalini waliukata.

Foromani aliandika kwamba Mama aliacha mashine bila ruhusa. Mama akafutwa kazi. Majirani wakasema angeendesha mwenyewe, mwenye ujuzi, mtoto wa watu angekuwa mzima. Nami nikaamini. Mwaka mzima nilimjibu kwa mkato, nikala chakula chake nikimpa mgongo. Hakujitetea.

Sasa naendesha rola mimi mwenyewe. Ilibidi nisimame kwenye tuta laini, mtu akinifokea nipande, ndipo nikajua kwamba ujuzi wa Mama ndio uliomshusha.

Juzi foromani yule alistaafu, wakamfanyia sherehe, wakamsifu. Nilialikwa. Sikwenda. Nilikwenda kwa Mama, nikamwomba msamaha.

"Ulikuwa mtoto," akasema.

Foromani hakuwa mtoto.