Siku Mama Spès Alipokataa Kushinda

Ile asubuhi bado naiona, mwanangu, kana kwamba ndiyo kwanza natoka ukumbini. Ilikuwa mtaani Mutanga Nord, mvua imekatika, na mimi kijana nimevaa shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe. Nimesikia chama chenu cha wanafunzi wa kompyuta kinataka kuungana na kile cha chuo cha jirani, na tayari maneno yameanza kuwa makali. Basi kaa, kunywa chai, nikusimulie sisi tulivyoungana.

Wakati huo nilikuwa fundi wa kompyuta katika chuo kidogo kule Gasenyi. Mafundi wa vyuo vidogo tulikuwa na chama chetu. Hatukuwa na ofisi wala muhuri, ila tulikuwa na desturi moja: mwenzako akipiga simu kwamba mitambo imekufa, unaacha ulichoshika unakwenda. Wenzetu wa vyuo vikubwa nao walikuwa na chama chao, ofisi yao huko juu mlimani, Kiriri. Wao walikuwa na mafunzo, vifaa, na laini nzuri ya intaneti. Sisi laini yetu ilikuwa ya kubahatisha. Mwanafunzi akifungua ukurasa, anaweza kwenda kula na kurudi. Tulihitaji kuungana, mwanangu, lakini tuliogopa kumezwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, kweli, lakini hata kidole hakitaki kukatwa ili kiungwe.

Siku hiyo vyama vyote viwili vilikutana kupiga kura. Mwenyekiti wa watu wa Kiriri aliongoza kikao: Mama Spès, mwalimu wa kompyuta mwenye mvi na sauti ya chini. Kwetu alisimama Zaina, fundi wa chuo cha wauguzi, mtoto wa Buyenzi, mwanamke asiyeogopa mtu.

"Mi niko na swali moja tu," alisema. "Tukiungana, nikipiga simu, nani atakuja?"

Kijana mmoja wa Kiriri, Désiré, alijibu bila kuinuka. "Utaandika demande, barua ya kuomba, Mama. Itapita kwa ofisi yetu, batakujibu."

Watu wake wakacheka. Zaina akakaa, na mimi nikaona uso wake umebadilika. Désiré akaendelea, "Sasa tupige kura. Sisi tuko bengi, tutashinda."

Na ni kweli walikuwa wengi. Tulishajua tumekwisha. Lakini Mama Spès alifunga faili lake.

"Kura, leo apana."

"Lakini Mama, tunashinda!"

"Ndiyo maana," alisema Mama Spès. "Unamushinda nani, Désiré? Mutu mwenye utaenda kukaa naye mu nyumba moya? Ukimushinda leo, kesho utalala namna gani?"

Akageukia ukumbi mzima. Akatuambia tuende kwanza tukatembeleane, kila mmoja aione kazi ya mwenzake, ndipo turudi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tulitoka pale wengine wamenuna, wengine, kama mimi, hatujui tucheke au vipi.

Haukupita muda, mvua kubwa ikaja Gasenyi na radi yake. Ilipiga, taa zikazimika, na zilipowaka, seva yetu haikuwaka. Seva, mwanangu, ile kompyuta kuu iliyokuwa na maksi za wanafunzi wote, na wanafunzi wale walikuwa wanangoja matokeo ili wavae majoho. Nikakimbilia simu. Nikampigia Zaina.

Alifika juu ya pikipiki, kitambaa cha kichwa kimelowa chapachapa. Nyuma yake, hata sijamaliza kumshukuru, ikaingia gari kutoka Kiriri. Akashuka Mama Spès, amevaa raba za kukimbilia, bisibisi mkononi, na Désiré amebeba mashine kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

"Nimebaita mimi," Zaina akasema. "Si Mama alisema tuko nyumba moya?"

Mimi, ujana ule, nikamnong'oneza: "Wamekuja kutukagua." Kumbe Mama Spès ana masikio.

"We kijana," akaniambia, "mugeni akikuja na turnevisi mu mukono, huyo haiko mukaguzi. Leta taa."

Nikaleta taa. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Désiré alilala chini ya meza, suruali yake nzuri yote vumbi, Zaina anamwelekeza waya gani ni wa wapi, maana chumba kile alikijua kuliko nyumba yake. Wakaitoa diski, wakaipandisha kwenye mashine ya Kiriri. Tukangoja. Kioo kikawa cheusi, kikawa cheusi bado, kisha majina yakaanza kushuka, moja baada ya jingine, na maksi zake kando.

Wanafunzi walikuwa wamejaa dirishani. Msichana mmoja alipoona jina lake akapiga impundu, vile vigelegele vya mama zetu, na wenzake wakavipokea hadi barabarani. Désiré akacheza na waya shingoni. Mkuu wa chuo akaagiza Fanta na sambusa, na Zaina akamwambia Désiré, "Kula, mutoto wangu, demande yako imekubaliwa." Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na Désiré mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi.

Kikao kiliporudi, Désiré alikuwa wa kwanza kuinua mkono. "Mama Zaina alituuliza, sisi tukacheka. Mi naomba jibu yake ikuwe sheria ya kwanza: mutu akipiga simu, tunaenda. Karatasi itafuata nyuma."

Mikono yote ikapanda, tukawa chama kimoja. Mama Spès akakataa uenyekiti, akahamia viti vya nyuma akitabasamu, na Zaina akachaguliwa. Ubishi uliobaki ni wa jina la chama. Uliendelea hadi wali wa mchana ukapoa, tukapata jina refu hata aliyelipendekeza hakuweza kulitamka lote.

Sasa sikiliza, mwanangu. Mkiwa wengi, msikimbilie kuhesabu mikono. Muulize aliye mchache anaogopa kupoteza nini, na jibu lake lilindeni kama ni lenu. Na mkiwa wachache, msimchukie anayekuja kwa sababu tu ametoka mlimani. Fanyeni kazi moja pamoja, mchafuke pamoja, mle sahani moja. Hapo kura itajipiga.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu alainishe ndimi zenu na azipe kazi mikono yenu. Awape viongozi wanaojua kuachia kiti, na furaha inayomtosha kila mtu mezani. Amina.