Nyumba ya Kunyata

Nyumbani kwetu Muleba, wakati wa kunyamaza ulikuwa mchana. Watoto wa jirani walifokewa wakipiga kelele usiku. Sisi tulifokewa saa sita mchana, tena kwa kunong'onezwa, maana hata anayefoka hakuruhusiwa kupaza sauti. Mama alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, zamu ya usiku, na mchana alikuwa amelala.

Usiku aliuchagua mwenyewe. Alisema hivyo ndivyo tutakavyomkuta nyumbani tukitoka shule, na kweli tulimkuta. Alasiri mlango wa chumba ulifunguka, akatoka na alama za mto shavuni, akauliza nani ana daftari la kuonyesha. Jua lilipozama alifunga mkoba wake, akatia mfukoni kahawa ya kutafuna, ile ambayo kwetu hupewa wageni, imsaidie kukesha. Baadaye tulikua, hatukuhitaji tena wa kutupokea, lakini usiku ulishakuwa wake. Wauguzi wadogo wenye watoto wachanga walimwomba awashikie zamu, naye kukataa hakujua.

Mlinzi wa usingizi wake alikuwa baba. Ni mkulima wa kahawa na ndizi, mtu wa maneno machache hata kabla hajaoa mwanamke wa kulala mchana. Aligongomelea blanketi la kijivu kwenye dirisha la chumba chao ili giza likae. Kinu alikihamishia mwisho wa kibanja, shamba letu linaloizunguka nyumba, kwenye migomba. Wageni aliwapokea nje, hata wazee wa kanisa. Ndizi za mchana alimenya yeye, na majirani hawakuchoka kulisema hilo: mwanamume mzima yuko jikoni, mke yuko kitandani, jua liko utosini. Baba aliwasikia. Aliendelea kumenya, kwa sababu kumenya hakuna kelele.

Mimi nilihamia Bukoba, nikapanga Rwamishenye na kufungua kibanda cha kushona nguo. Nikipiga simu nyumbani mchana, baba alipokea kwa kunong'ona, nami nilimtania kwamba anaongea kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwaka mmoja alianza kunipa habari njema. Mama yako siku hizi anapata usingizi, alisema. Zamani alikuwa akiamka saa tisa, sasa anafika hadi saa kumi na moja. Nilisikia alivyofurahi. Alikuwa amepigania usingizi ule miaka yote, na sasa aliona ameshinda.

Desemba niliporudi kwa Krismasi, kama kila Mhaya anavyorudi, nilikuta nyumba haina mtoto hata mmoja na bado baba ananyata. Mama alikuwa likizo. Hakuwa na zamu ya kuingia, lakini siku nzima alikuwa chumbani. Baba aliniwekea kidole mdomoni. Mimi sina subira, na sijawahi kuwa nayo. Nikamwambia mtu aliye likizo hana sababu ya kulala mpaka jioni, nikaingia, nikalivuta pembeni blanketi la dirishani.

Mama hakuwa amelala. Alikuwa macho, amejiegemeza ukutani, ameukumbatia mkono wa kushoto, na ndani ya joto lile amevaa sweta zito. Akasema kwa sauti ya chini, "Rudisha blanketi. Baba yako akijua silali, atavunjika moyo."

Nilimfungua sweta mwenyewe. Titi la kushoto lilikuwa gumu, ngozi imejikunja kama ganda la chungwa, na kwapani palikuwa na uvimbe. Nilimuuliza tangu lini. Alisema tu kwamba yeye ndiye huwaambia wanawake wote wanaojifungua waje kupimwa mapema, na angeiweka wapi sura yake. Upimaji wenyewe ulikuwa ukifanyika palepale kazini kwake, mchana, saa anazolala.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mama alijifanya amelala ili baba asihangaike, na baba alinyamaza ili mama alale. Katikati ya mapenzi yao yale, ugonjwa ulipata nafasi ya kukaa.

Tulimpeleka hospitali Bukoba. Daktari alikuwa msichana mdogo, mpole, na aliuliza mengi: uzazi, kunyonyesha, ndugu wa kike waliowahi kuugua, halafu kazi. Mama aliposema usiku, akauliza kwa muda gani. Mama akacheka kidogo, akanionyesha kwa kidevu. Tangu huyu yuko darasa la kwanza, akasema.

Nikamkamata daktari koridoni. Nilitaka mkosaji. Nilimuuliza kama ni zile zamu zilizomletea mama saratani. Alinieleza kwamba wataalamu wanashuku kuwa kazi ya usiku ya miaka mingi inaweza kumwongezea mwanamke hatari, kwa sababu mwili una saa yake ya giza na mwanga. Lakini kwa mwanamke mmoja, huyu wangu, hakuna anayeweza kusema ni usiku au ni jambo jingine. Nilimchukia kwa ukweli wake. Ingekuwa nafuu kwangu kama angedanganya.

Baba alikuwa nyuma yangu, na sikumwona. Daktari akamgeukia kwa heshima, akamuuliza, "Mzee, hukuona mabadiliko yoyote kwa mama?"

Baba aliishika kofia yake kwa mikono miwili. "Nilikuwa namchungia usingizi," akasema.

Hakuna aliyemlaumu. Yeye ndiye aliyejilaumu. Mama alitibiwa Bukoba, akapelekwa Mwanza, akarudishwa nyumbani wakati dawa zilipokuwa zinamchosha kuliko kumsaidia. Sasa hakulala usiku wala mchana. Nilifunga kibanda, nikahamia kwao.

Siku moja aliniomba nitoe kabisa lile blanketi. Nikang'oa misumari. Kisha akasema, "Pigeni kelele kidogo. Kimya hiki nimekaa nacho vya kutosha. Nataka kusikia kama mpo."

Nilikirudisha kinu karibu na dirisha, nikatwanga karanga ambazo hatukuzihitaji. Nilifungua redio. Niliwagombeza kuku bila sababu, na mama kutoka kitandani akasema kuku hawana kosa. Baba alijaribu. Alichukua shoka akapasua kuni nje ya chumba, lakini kila pigo alilipunguza nguvu kabla halijafika kwenye gogo. Mikono yake haikujua tena namna nyingine. Nilimtazama pale, nikaona kwamba nitawapoteza wote wawili, kila mmoja kwa namna yake, na nililia jikoni ambako moshi ungebeba lawama.

Mama alifariki mchana, jua likiwa utosini, saa zake za kulala.

Habari zilienda haraka. Wanawake wa kijijini walianza kuja kupitia kibanja, na kilio chao kilitangulia mbele yao kama ilivyo desturi. Baba alitoka hadi mwanzo wa njia kuwapokea. Nilidhani anakwenda kulia nao. Akanyoosha viganja vyote viwili, akawaambia taratibu, "Polepole, waitu, ndugu zangu. Ndiyo kwanza amelala."

Wakanyamaza. Wanawake watu wazima waliokuja kumlilia mama yangu walivua ndala nje, wakaingia kwa vidole, wakaketi kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, na hakuna aliyekohoa. Nyumba ikawa ileile ya utoto wangu. Mimi peke yangu nilijua mama alivyokichoka kimya kile.

Nilisimama katikati ya chumba, chini ya dirisha lisilo na blanketi, nikalia. Nililia kwa sauti yote niliyoambiwa niimeze tangu darasa la kwanza, nikimwita mama, mpaka wengine wakanipokea na kilio kikafika barabarani.

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Hakuninyamazisha.