Vumbi la Maganda ya Risasi

Ipo siku moja ya zamani, mwanangu, ambayo ikinijia nikiwa natembea hunibidi nisimame kwanza. Nitakusimulia kama ilivyokuwa, kwa sababu mama yako, dada yangu, amenipigia simu kuniambia umepata kazi kwenye karakana ya kujaza risasi upya, na kwamba wiki ijayo unaanza. Alisema kwa furaha. Mimi nilimjibu alhamdulillahi, nikakata simu, nikakaa kitandani muda mrefu. Kazi hiyo naijua. Niliifanya hapa hapa Johannesburg nikiwa na miaka thelathini na moja, nguvu tele mwilini na masikio hayasikii la mtu.

Karakana yetu ilikuwa nyuma ya uwanja wa kulenga shabaha, upande wa mashariki wa jiji. Watu wa klabu wakimaliza kupiga, sisi tulikuwa tunaokota maganda ya shaba yaliyotapakaa chini, tunayaleta ndani yasafishwe ili yajazwe tena. Yanakuja meusi kwa moshi. Unayatia kwenye mashine yenye bakuli kubwa linalotikisika, pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa chengachenga, na kwa saa mbili tatu yanasuguana humo mpaka yanang'aa kama dhahabu. Shida yake ni vumbi. Ganda linatoka limeng'aa, lakini limepakwa vumbi la kijivu, laini kama poda ya mtoto, na jingine limejificha ndani. Vumbi hilo lazima liondolewe lote kabla ganda halijajazwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja wa Kikongo, mtu wa Lubumbashi, tuliyemwita Papa Ilunga. Alikuwa mrefu, mkimya, anavaa miwani iliyofungwa uzi. Yeye alikata vitambaa vikuukuu vipande vipande, akavilowesha kidogo, akavitupia ndani ya mashine pamoja na maganda, navyo vikanasa vumbi. Halafu alichekecha nje, amefunga pua na mdomo, upepo ukiwa mgongoni mwake. Mwisho alisuuza maganda kwenye ndoo ya maji na kuyaanika. Jioni alivua ovaroli akaiacha pale pale, akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, akabadili hata viatu. Sisi vijana tulimwita bibi harusi. Katika waliocheka, mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Nikajigundulia njia ya mkato. Palikuwa na kompresa ya upepo kwenye kona. Nilimwaga maganda kwenye karai, nikayapuliza kwa bomba lake, na dakika tano tu yakawa safi. Wingu la vumbi lilipanda mpaka darini, jua la dirishani likalipiga, nami nikasimama katikati yake kama mtu aliyefanya jambo. Msimamizi akanisifu mbele ya wenzangu. Ugenini, mwanangu, sifa ndogo tu inalevya.

Basi asubuhi moja nikiwa napuliza, upepo ukakatika ghafla. Kugeuka, Papa Ilunga amesimama kwenye swichi.

"Mudogo yangu," akaniambia kwa Kiswahili chao, "uko na mutoto mu nyumba?"

"Ninaye. Ana miaka mitatu. Kwani vipi?"

"Ile vumbi iko na plomb. Inatoka mu ile fataki ya chini ya ganda, ikipasuka. Inaingia mu damu ya mutoto, inapanda mu kichwa. Ikiisha kuharibu, haitengenezeke tena. Mi nilitumika mu fonderi ya kuyeyusha madini kule kwetu. Niliona batoto."

Neno lake la Kifaransa sikulijua, wala sikumwuliza. Wenzangu walikuwa wanatazama. Nikasema, "Papa, vumbi la mahindi nalo linakutisha? Rudi kwenye ndoo yako, mzee wangu." Wakacheka. Yeye hakucheka, na wala hakukasirika. Alisema tu, "Bwana, lowesha. Na ile nguo usipeleke kwako," akaondoka. Nami nikawasha kompresa.

Nyumbani kwetu kulikuwa mtaa wa Bertrams, chumba kimoja na jiko la kushirikiana. Mama Rehema, yaani Zaituni, nilimtoa Tanga akiwa bado anaona haya kunitazama usoni. Rehema alizaliwa huku, na Kizulu alikuwa amekiokota kwa watoto wa jirani kabla hata ya Kiswahili kumkaa vizuri. Nikifungua mlango tu atapiga kelele, "Baba, ubuyile!" maana yake umerudi, na kunirukia. Alikuwa akilala kifuani pangu, juu ya ovaroli ile ile, huku ananyonya vidole. Zaituni aliifua kwenye beseni moja na nguo za mtoto.

Sikuishia hapo. Nilimletea maganda. Yale mazuri, yaliyong'aa, nikamtungia kwenye uzi. Nikamfundisha kuliweka ganda mdomoni na kupuliza juu ya tundu lake mpaka lilie kama filimbi. Alijua siku ile ile. Akawa anazunguka na filimbi yake chumbani kutwa nzima, na mimi nikawa nawaambia watu, mwanangu huyu ana akili za ajabu.

Ilianza na tumbo. Akawa analia, hali, hapati choo. Tukampa dawa ya minyoo. Halafu akawa mkali, anauma watu, yeye aliyekuwa mpole. Zaituni akasema ni jicho la mtu, tukampeleka Fordsburg kwa shehe mmoja akamsomea. Kisha maneno yakaanza kumpotea. Kwanza majina ya watoto wa jirani, halafu neno maji, akawa ananyoosha kidole tu. Sikuunganisha. Naapa, mwanangu, sikuunganisha, au labda sikutaka.

Jumamosi moja mchana akashikwa na degedege. Kulikuwa na mechi, mitaa yote ya kwetu imejaa mashabiki wanaoteremka kwenda uwanjani, wamejipaka rangi, wanapuliza mavuvuzela. Nikambeba mikononi nikipita kinyume chao. Mmoja akadhani nacheza, akanipungia bendera. Kwenye robot ya tatu, yaani taa za barabarani, teksi moja ikasimama, dereva akatazama mtoto, akasema, "Eish, baba, ingia," na hakusimama tena mpaka hospitali.

Walimpima damu. Daktari alikuwa binti mdogo tu, macho yamemwiva kwa uchovu. Akaniuliza, "Unafanya kazi gani?" Nikamweleza. Akaacha kuandika. Akanitajia kwa Kiingereza jina la madini yaliyokutwa kwenye damu, nami hapo nikaelewa plomb ya mzee ni nini, kwa kuwa karakanani neno hilo lilikuwa limechapwa kwenye maboksi ya vichwa vya risasi tulivyokuwa tunajazia. Zaituni, ambaye Kiingereza kilikuwa hakimwingii, akanivuta mkono, anasema nini? Na mimi lugha yetu haikunipa neno jingine, madini hayo na ya bunduki ni jina moja. Nikamwambia, "Wamekuta risasi ndani ya damu yake."

Akamfunua mtoto gauni. Akamgeuza huku na huku, mgongoni, kwapani, kwenye mapaja, anatafuta jeraha.

Ilinibidi nimshike mikono na kumweleza. Nilimweleza vumbi, nguo, filimbi. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akaniuliza swali moja. "Baba Rehema, hakuna aliyekuambia?"

Nikasema, "Hakuna."

Wiki nzima mtoto alikuwa kwenye dripu, anapewa dawa ya kuisafisha damu. Siku ya nne Papa Ilunga akaja. Alikuwa amevaa koti la kanisani, ameshika mfuko wa machungwa. Akasimama miguuni pa kitanda, akamtazama Rehema aliyekuwa ametumbua macho kwenye dari. Zaituni alijua ni mtu wa kazini kwangu. Akamwuliza, "Baba yangu, na wewe unafanya kazi hiyo hiyo. Ulijua kama lile vumbi ni sumu?"

Papa Ilunga akanitazama. Mwanangu, alinipa muda. Alininyamazia kiasi cha mtu kuweza kusema sentensi mbili, tatu. Nilitazama machungwa.

Akasema, "Nilijua, mama."

"Ulijua? Na hukumwambia mwenzio, mwenye mtoto mdogo?"

"Mi nilishindwa kusema muzuri, mama. Unisamehe."

Zaituni akauchukua ule mfuko akaurudisha mikononi mwake. Akamwambia asikanyage tena penye mtoto wake. Mzee akainama, akatoka, miwani yake ya uzi ikining'inia. Nilikuwa na miguu, ningeweza kumfuata kwenye korido. Nilikaa.

Rehema alipona degedege. Mengine hayakupona. Daktari alitueleza kwamba dawa inaisafisha damu, ila kilichokwisha kuharibika kichwani hakirudi, kama yule mzee alivyonieleza bure asubuhi ile. Leo ana miaka ishirini na tatu. Hajui kusoma. Maneno yake unaweza kuyahesabu, na Kizulu chote kilikwenda, hata lile la kunipokea mlangoni. Akitoka peke yake anapotea, kwa hiyo hatoki peke yake.

Kazi niliacha. Papa Ilunga aliendelea miaka kadhaa, na kila nilipomwona mbali mtaani nilivuka barabara. Kisha nikasikia amefariki, amezikwa huku huku. Siku niliyosikia ndipo nikamwambia Zaituni ukweli, kwa kuwa nilikuwa mwoga kiasi hicho: nilisubiri mpaka hapakuwa na wa kunitazama. Alikuwa anamlisha Rehema. Akaweka kijiko chini.

"Miaka kumi na miwili," akasema. "Miaka kumi na miwili namlaani mtu aliyekuja na machungwa."

Jumapili iliyofuata alivaa buibui lake akaenda kwenye kanisa la Wakongo, pale karibu na kwetu. Akakaa kwenye benchi la nyuma mpaka ibada ikaisha, akamwulizia mjane wa Papa Ilunga amwombe radhi. Wakamwambia ameshahama, amerudi kwao, namba yake haiiti. Zaituni amekwenda pale zaidi ya mara moja. Mimi naye bado tunaishi nyumba moja. Ananipikia, ananiuliza kama nimekunywa dawa zangu za presha. Lakini tangu jioni ile hajaniita Baba Rehema. Ananiita "wewe".

Sasa nikuambie ninachotaka ukishike. La kwanza ni la mikono: vumbi la maganda usilipulize, si kwa upepo wa mashine wala kwa mdomo wako. Lilowanishe. Tia vitambaa vyenye unyevu kwenye mashine, chekecha nje, funga pua na mdomo, pangusa meza kwa maji, usifagie kavu. Ovaroli na viatu vibaki kazini. Nawa kabla hujala, nawa kabla hujashika mtoto wa mtu. Na ganda lolote, hata liwe zuri vipi, lisiingie nyumbani kwako. Wakikucheka, wacha wacheke, nilikuwa mmoja wao na unaona nilipofika.

La pili ni gumu zaidi. Akija mtu akakuambia jambo kwa lugha usiyoielewa vizuri, mwulize tena. Mshike mkono, mwambie, Papa, hilo neno ni nini? Na kama hukusikia, likatokea la kutokea, mtu akikuuliza kama uliambiwa, jibu pale pale kwamba uliambiwa. Usiache mwingine aibebe aibu yako hata kwa dakika moja. Mimi sikujua kwamba dakika moja ingekuwa miaka yote hii. Ya mtoto niliyafanya kwa ujinga, na bado hayanipi usingizi. Ya yule mzee niliyafanya nikiwa na akili zangu timamu.

Sikuambii haya nipate nafuu. Nimeshayasema kwa Zaituni, kwa imamu, kwa ukuta, na nafuu haikuja. Nakuambia kwa sababu wewe bado hujaanza.

Nenda kazini, mwanangu. Mwenyezi Mungu aisafishe pumzi yako na damu yako, akupe sikio jepesi na ulimi usioogopa, na watakaokukimbilia mlangoni akulindie mpaka wazeeke. Amina.