Shimo la Mchanga Moto

Ni mwaka ule tulikula omena na mihogo michungu mpaka mbwa nao wakachoka. Baba alianguka kutoka juu ya paa akiezeka nyumba, na miguu yake ikakataa kuamka.

Nilimkumbuka juzi hospitalini, Homa Bay. Mjukuu wangu, simba wangu, alivunjika uti wa mgongo kwa bodaboda. Binti anayemfanyisha mazoezi alipima maji kwa kiwiko kabla ya kumwosha miguu.

"Hasikii moto, dana," akaniambia, akiniita bibi kwa Kijaluo. "Maji yanaweza kumbabua asijue."

Mimi nilijua hilo kabla mama yake hajazaliwa.

Alasiri moja kule kisiwani Takawiri, ndugu za baba walichimba shimo ufuoni, wakakoka moto ndani, kisha wakaondoa makaa. Walitaka kumfukia baba hadi kiunoni, mchanga moto uamshe miguu. Mimi niliona kaburi tu. Wanamzika na bado anapumua! Nilijikojolea.

Baba mkubwa akammwagia baba mchanga kidogo kwenye wayo kwanza. Nikasikia harufu ya ngozi ikiungua. Baba alikuwa anatazama mawingu. Akauliza kwa upole, "Mnaanza lini?"

Mama aliruka ndani ya shimo, miguu mitupu.

"Mume wangu haingii shimoni!"

"Nyar Kendu, toka huko, utaungua!" baba mkubwa akamfokea mama kwa jina la kwao.

"Kumbe mnajua unaunguza?"

Alirukaruka kama mahindi kwenye kikaango, machozi yanamtiririka, na hakutoka.

"Mume wangu haingii shimoni!"