Karanga za Botini

Baba mkwe wangu alichagua ubao wa kuvulia samaki kama mwanamke anayechagua kitenge kwa muuzaji asiyemwamini. Aliugeuza, akaunusa, akaupima kiganjani, akaukataa. Seremala wetu wa Biryogo, mtaa wetu wa Kigali, alikuwa amemchongea mbao tatu kwa saizi tofauti, akasimama akisubiri huku jasho linamtoka. Mwishoni mzee akachukua ubao mkubwa kuliko zote. Mimi nilikuwa barazani kwenye cherehani, na sijawahi kuwa na mdomo wa kukaa kimya.

"Baba, hiyo si ya mawimbi? Ziwa Muhazi iko na mawimbi gani?"

"Mukazana wangu," akasema, ndivyo Kinyarwanda kinavyomwita mke wa mwana, "wewe shona."

Jina lake silitaji hata leo. Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, wala hali chakula mbele yake. La kwanza nililishika vizuri kuliko la pili.

Ubao wa pembeni ni kitu cha ajabu kwa mtu ambaye hajauona ukifanya kazi. Mbele umekatwa mshazari, na ukingo wake wa chini una kipande cha chuma ili usimame wima majini. Unaubana kwenye uzi wa ndoana, boti inakwenda polepole, na maji yanausukuma ubao kando, mbali na kelele za mashine zinazofukuza samaki. Uzi nao unaufuata huko. Shida yake ni moja. Ubao wenyewe unavuta uzi muda wote, kwa hiyo mkono hauhisi kitu, na kazi yote ni ya macho. Ukiona ubao umeacha kwenda sambamba na boti, umerudi nyuma, basi samaki ameshika na unatakiwa uvute upesi. Mzee aliyajifunza haya ujanani, Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika, na alipohamia Kigali aliyaleta pamoja na boti kuukuu aliyoiweka Muhazi, kwa rafiki.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la Mombasa, hakai nyumbani. Aliniagiza nisimwache baba yake aende ziwani peke yake. Nilinuna. Nilikuwa na rundo la sare za shule za kushona, halafu niende kukaa juani na mzee kutazama kipande cha ubao! Lakini Jumapili zilipopita chache nikaona ni mimi ninayemharakisha asubuhi. Mimi nilishika usukani wa mashine, yeye alishika uzi. Barabarani askari wa vizuizi, maana vita vilikuwa vimekwisha kuanza kaskazini, waliugeuza ubao wetu huku na huku, wakacheka, wakaturuhusu. Ziwani hakuna aliyetuuliza kitu. Nilimpenda sana mzee yule.

Macho yake yalikuwa yanakwisha, na hakusema. Zamani alitupa mbao mbili, mmoja kushoto na mmoja kulia. Sasa alitupa mmoja, akidai mbili ni uchoyo. Nilipoelewa, nilichukua vipande vya vitambaa vyangu, nikasimama mwisho wa kichochoro na kuvipunga kimoja kimoja hadi mzee alipopaza sauti kwamba hicho cha manjano anakiona. Nikakishona kuwa bendera, tukaichomeka juu ya ubao. Alifurahi siku hiyo, akanisifu mbele ya majirani mpaka nikaona haya.

Njaa ya ziwani ni mbaya. Nilikuwa nageuza mgongo nile karanga zangu kwa kujificha, kama mwizi. Siku moja akasema, "Kula tu, mwana wangu. Huku ziwani ukwe haiko." Basi nikala waziwazi, nikitafuna kwa raha. Tangu hapo, kila tulipotoka nyumbani, aliniuliza kama nimebeba karanga. Nilidhani ni upole wake tu.

Kisha mume wangu akarudi safari, akamwona baba yake akipapasa ukuta kutafuta mlango. Hakungoja hata chai ipoe.

"Baba, macho yako imechoka. Boti nitamupa mutu mwingine."

Mzee aliinuka na ubao wake. Aliingia chumbani kwake, akakaa kitandani, ubao mapajani. Nilipompelekea maji nikamkuta anaipapasa ile sehemu yake ya mshazari, taratibu. Nilitoka nikamgombeza mume wangu mpaka jirani akafungua dirisha. Tukakubaliana hivi: Jumapili tutakwenda wote watatu. Baba yake akiuona ubao ukirudi nyuma, boti inabaki. Asipouona, inaondoka.

Asubuhi hiyo mzee akaniuliza, kama kawaida, "Iko karanga?"

"Baba, si Ramadhani!" nikacheka. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga.

"Ah. Kweli," akasema, akaukumbatia ubao njia nzima.

Ziwani mume wangu alishika usukani. Bendera ya manjano ilikwenda vizuri pembeni, halafu ikayumba, ikarudi nyuma. Nilimtazama mzee. Uso wake ulikuwa umeelekea bendera hiyohiyo, umetulia, hauoni kitu. Ubao ukarudi mahali pake, samaki keshaponyoka. Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama maji.

"Leo iko kimya sana, mukazana," mzee akasema polepole.

Nilikaribia kumjibu kwamba ziwa ni kimya siku zote. Ndipo nikaelewa. Jumapili zote zile, ubao uliporudi nyuma, mimi niliacha kutafuna. Yeye alikuwa anasikiliza meno yangu.

Kwenye kikapu changu kulikuwa na karanga za maganda, nilizonunua njiani kwa ajili ya mchuzi wa futari. Nikaziweka mapajani, nikaanza kuzibangua. Paa, paa. Mabega ya mzee yakashuka.

"Unafanya nini?" mume wangu akauliza.

"Natengeneza futari. Wewe angalia mashine."

Nilibangua hadi vidole vikauma, macho kwenye bendera, namwomba Mungu samaki mmoja tu. Bendera ikayumba. Ikarudi nyuma. Mikono yangu ikasimama.

Mzee akavuta kwa nguvu zake zote. Kambale akaja, mnene, akipiga mkia kwenye mbao za boti na kuturushia maji usoni. Nililia, na sikujificha.

"Baba, umeiona?" mume wangu akauliza.

"Samaki si huyu hapa?"

Mume wangu akaitazama mikono yangu, ambayo bado ilikuwa imesimama juu ya karanga. Aligeuza boti, na jioni tulifuturu kwa kambale huyo bila neno lolote juu ya macho. Siku ya pili akaondoka na lori.

Aliporudi safari ile, kabla ya kuvua viatu, alishusha begani nusu gunia la karanga akaliweka karibu na cherehani yangu. Baba yake alikuwa kwenye benchi, ananyoosha mkono kutafuta ni kitu gani kimewekwa.

"Za nini nyingi hivi?" nikauliza.

"Za botini," akasema mume wangu. "Na usinunuaka zenye zimebanguliwa. Zile hazisikikake."